Akaunti moja kwenye Windows, Ubuntu na Mac: nenosiri likibadilishwa upande mmoja halifiki upande wa pili

FundiWaMaabara aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia maabara ya kompyuta ya chuo kimoja cha kati hapa Tanzania, yenye mashine 36. Kila mashine ina Windows 10 Pro na Ubuntu 22.04 kwenye diski moja, na mwanafunzi huchagua mfumo endeshi anaoutaka wakati wa kuiwasha. Chumba cha uhariri wa video kina Mac mini 4, na kuna seva moja ya mafaili yenye Debian inayotumia Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawana mafaili na Windows. Wanafunzi wanakaribia 400, na kila mmoja, ukihesabu vizuri, ana akaunti tatu au nne zenye jina lilelile ambazo hazijuani.

Aliyenitangulia aliacha skripti ambayo kila usiku hunakili faili la /etc/shadow, ambamo Ubuntu hutunza taarifa za manenosiri, kutoka mashine ya kwanza ya Ubuntu kwenda kwenye nyingine 35. Mwanafunzi akibadilisha nenosiri akiwa mashine namba 20, usiku skripti hiyo inamrudishia la zamani bila kumwambia. Windows nayo haijui lolote kati ya hayo. Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja alibadilisha nenosiri lake upande wa Windows siku ya Jumatatu, na Jumatano alipokaa kwenye mtihani wa vitendo, ambao hufanyika Ubuntu, aliandika nenosiri jipya mara sita huku akichungulia kama taa ya Caps Lock imewaka. Nilipoitwa alikuwa amekwisha kupoteza dakika 20 na mikono inamtetemeka.

Nimekusudia kuandika programu ya kusawazisha manenosiri. Wazo langu ni kuisoma heshi ya nenosiri, yaani ule mlolongo wa herufi ambao mfumo hutunza badala ya nenosiri lenyewe, kutoka Windows, kuiandika kwenye shadow ya Ubuntu, na kufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili, kila baada ya dakika tano. Nilijaribu kwa akaunti yangu mwenyewe: heshi niliyoitoa Windows ilikuwa na herufi 32 tu, nikaibandika kwenye shadow, na Ubuntu ikanifungia nje. Je, ipo namna ya kuigeuza heshi ya mfumo mmoja iwe ya mwingine? Na kama haipo, ninyi wenzangu mnafanyaje bila kununua leseni ya Windows Server? Fungu letu la mwaka huu limeishia kwenye betri za UPS.

BiSeva alijibu:

Ndugu Fundi, pole kwa kadhia ya mtihani. Nianze na hilo la heshi, kwa sababu litakuepusha na miezi miwili ya kuandika programu isiyoweza kukamilika.

Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hiyo unaohifadhi nenosiri lenyewe. Kila mmoja hulisaga, hutunza unga, ambao ndio hiyo heshi, na mtu anapoingia, alichoandika husagwa tena na unga huo hulinganishwa na ule uliotunzwa. Tatizo lako ni kwamba vinu viko vitatu. Windows hulisaga nenosiri kwa MD4, baada ya kuliandika katika UTF-16, bila kuongeza chochote, ndiyo sababu uliona herufi 32 tu, na ndiyo sababu pia wanafunzi wawili waliochagua nenosiri moja huwa na heshi moja. Ubuntu 22.04 hutumia yescrypt, ambayo utaitambua kwa alama $y$ mwanzoni mwa heshi, na kabla ya kusaga hutia chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazofanya kila mtu awe na unga wake hata kama nenosiri ni lilelile. Mac, tangu toleo la 10.8 la mwaka 2012, hutumia PBKDF2 pamoja na SHA-512, nayo kwa chumvi. Unga wa kinu cha kwanza haurudi kuwa punje ili ukasagwe upya kwenye kinu cha pili. Ungekuwa unarudi, basi yeyote atakayeliiba faili lako la shadow angeyasoma manenosiri ya chuo kizima.

Waliotaka kusawazisha manenosiri hasa walilazimika kulinasa nenosiri likiwa wazi, katika sekunde ile mtumiaji anapolibadilisha, kisha kulituma kwenye kila mfumo ili ulisage kwa kinu chake. Microsoft walikuwa na kitu cha namna hiyo kilichoitwa Password Synchronization, ndani ya kifurushi cha Identity Management for UNIX, na walikiondoa kwenye Windows Server 2016. Mimi sikukililia. Mashine iliyokuwa imezimwa wakati wa mabadiliko hubaki nyuma, na kila mashine inayopokea nenosiri likiwa wazi ni mlango mmoja zaidi wa mwizi.

Kwa hiyo programu yako iache. Tafuta seva moja ijue manenosiri ya watu wote, halafu mashine zote 36, Mac zote nne na seva ya mafaili ziwe zinaiuliza hiyo kila mtu anapoingia. Mwanafunzi akibadilisha nenosiri akiwa Windows au akiwa Ubuntu, badiliko linaandikwa kwenye seva hiyo, na hakuna cha kunakiliwa usiku.

Programu ya kazi hiyo unayo tayari, nayo ni Samba, ila usakinishe nyingine mpya kwenye mashine yake peke yake. Tangu Samba 4.0 ilipotoka Desemba 2012, seva ya Linux inaweza kuwa seva ya domeni ya Active Directory, yaani mfumo wa Microsoft wa kuweka akaunti za mashine zote mahali pamoja, pasipo leseni yoyote. Ndani yake kuna saraka ya LDAP yenye majina na makundi, kuna Kerberos inayomthibitisha mtu na kumpa tiketi, na kuna DNS inayozielekeza mashine pa kwenda kuuliza. Windows 10 Pro itajiunga nayo kama inavyojiunga na Windows Server. Kama ungekuwa na toleo la Home ningekuambia usihangaike, maana hilo halijiungi na domeni yoyote. Ubuntu hujiunga kwa programu mbili, realmd ya kuiunga na SSSD ya kuiuliza seva kila mtu anapoingia, na Mac ina uwezo huo tangu inatoka kiwandani.

Usiiweke seva ya domeni juu ya ile seva yako ya mafaili. Watengenezaji wa Samba wenyewe hushauri kazi hizo mbili zitenganishwe, na kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa kwa watu 400. Jina la domeni lisiishie na .local, hata kama utaona mafunzo mengi ya zamani yanafanya hivyo, kwa sababu Ubuntu na Mac hutumia mwisho huo kutafutana zenyewe kwenye mtandao wa ndani, na utakesha ukitafuta kwa nini seva inaonekana kwa Windows lakini haionekani kwa wengine. Chukua kipande cha jina ambalo chuo kinalimiliki, kwa mfano ad.mfano.ac.tz. DNS ya kila mashine ielekezwe kwenye seva ya domeni, na hiyo seva ndiyo ipeleke maswali mengine nje, anayeacha 8.8.8.8, yaani DNS ya Google, kwenye mashine zake hatajiunga na kitu, kwa kuwa huko nje hakuna anayeijua domeni yako. Kabla ya kujaribu kuiunga mashine yoyote, andika amri hii kwenye Ubuntu:

host -t SRV _ldap._tcp.ad.mfano.ac.tz

Ikikujibu kwa jina la seva yako, endelea. Isipojibu, usiguse kingine chochote mpaka ijibu.

Jambo dogo la mwisho: vyuo vyetu hupenda kutumia namba ya usajili kama jina la mtumiaji, na namba hizo zimejaa mikwaju (/). Active Directory haikubali mkwaju kwenye jina la kuingilia, na haikubali jina linalozidi herufi 20. Amueni mapema mtaziandikaje.

NyayaNaSwichi alijibu:

Kwa heshima zote, Bi Seva, naona ndugu yetu ameomba uji na sisi tunamchinjia ng'ombe. Kwa mashine 36 mimi ningeweka orodha moja ya watumiaji na kuisambaza kwa Ansible, programu ya kutuma maagizo kwa mashine nyingi kwa pamoja, ambayo inaweza kutengeneza akaunti Windows na Ubuntu kwa wakati mmoja. Ama, kama ni lazima kuwe na saraka, aweke OpenLDAP, ambayo ni nyepesi, Ubuntu ziulize hapo, na upande wa Windows aweke pGina inayobadilisha sehemu ya kuingilia ili nayo iulize LDAP. Domeni nzima ya Active Directory ina mambo mengi ambayo mtu mmoja hawezi kuyalea peke yake.

BiSeva alijibu:

Kaka Nyaya, kwa kutengeneza akaunti nakubaliana nawe moja kwa moja: orodha iliyotoka ofisi ya udahili iingizwe kwa skripti, na asikae mtu kuandika majina 400 kwa mkono. Ansible lakini haisaidii pale mwanafunzi anapobadilisha nenosiri mwenyewe saa nne usiku, na swali la ndugu yetu lilianzia hapo hapo. Usambazaji wowote hutoka kwa msimamizi kwenda kwenye mashine, wakati nenosiri jipya huzaliwa kwenye mashine.

Kuhusu pGina, nimewahi kuitumia na haikunitupa, ila unakuwa na programu ya ziada ya kulea kwenye kila Windows, na bado seva ya mafaili inabaki na manenosiri yake pembeni, kwa sababu Samba inahitaji heshi ya Windows na haiwezi kutumia ile ya kawaida iliyomo OpenLDAP. Ungerudi kuwa na vinu viwili.

FundiWaMaabara alijibu:

Nawashukuru sana. Nimefuata ushauri wa Bi Seva, na huu ni mwezi wa kwanza tangu nianze.

Nilichukua kompyuta ya ofisi iliyokuwa inakaa bure, nikaweka Debian, nikaendesha samba-tool domain provision --use-rfc2307 --interactive, na mara ya kwanza ilinikatalia mpaka nilipolihamisha faili la smb.conf lililokuja na kifurushi. Ile amri ya host ilijibu. Windows iliingia kwenye domeni kwa dakika tano, nami nikadhani kazi imekwisha.

Kisha niliwasha mashine hiyohiyo kwa Ubuntu, nikaiunga kwa realm join, ikakubali. Tangu hapo nina mambo mawili yasiyoeleweka. Kwanza, Ubuntu huwakataa watumiaji wote wa domeni, na kwenye kumbukumbu za SSSD nakuta maneno "Clock skew too great". Pili, niliporudi Windows, ile Windows iliyokuwa inafanya kazi vizuri asubuhi iliniambia kwamba uaminifu kati yake na domeni umevunjika. Niliiunga upya Windows ikapona, na Ubuntu ikafa. Nikaiunga Ubuntu, Windows ikafa. Nimefanya hivyo mara nne leo na nimeacha.

MzeeWaTerminali alijibu:

Kijana wangu, hayo ni magonjwa mawili tofauti na yote yanatokana na kuwa na mifumo miwili kwenye diski moja. Nimeyaugua yote.

Tuanze na saa. Kerberos humpa mtu tiketi yenye muda, na kwa kawaida haikubali saa ya mashine ipishane na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, ili mtu asinase maombi ya jana na kuyatumia leo. Sasa, kwenye ubao mama kuna saa ndogo inayotembea hata kompyuta ikizimwa. Windows huiandika saa hiyo kwa majira ya hapa tulipo. Ubuntu huichukulia kwamba imeandikwa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, na hapa sizungumzii saa tatu asubuhi bali tofauti ya saa tatu. Kwa hiyo Windows ikiacha saa nne asubuhi kwenye ubao, Ubuntu itaamka ikiamini ni saa saba mchana. Dakika 180 dhidi ya 5 zinazoruhusiwa.

Kwa mtu aliye nyumbani kosa hilo hujirekebisha lenyewe, kwa sababu Ubuntu huuliza saa kwenye intaneti ndani ya sekunde chache. Nadhani maabara yako inatoka nje kupitia proksi na lango la UDP 123, ambalo maswali ya saa hupitia, limefungwa. Angalia kwa kuandika timedatectl. Ikikuambia kwamba saa haijasawazishwa, basi ndilo hilo. Na siku Ubuntu itakapofanikiwa kupata saa sahihi, itaiandika kwenye ubao kwa UTC, na Windows itakayofuata itaamka ikiwa nyuma kwa saa tatu, kwa hiyo usidhani umepona.

Dawa ziko mbili na unatakiwa uchague moja tu. Waweza kuiambia Ubuntu iishi kama Windows:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakupa onyo refu. Sehemu kubwa ya onyo hilo inawahusu watu wa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, jambo ambalo Afrika Mashariki halipo. Au waweza kuiambia Windows iishi kama Ubuntu, kwa kuweka thamani RealTimeIsUniversal kuwa 1 kwenye rejista, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation. Mimi huchagua hii ya pili. Ukifanya zote mbili utakuwa umegeuza tatizo kichwa chini miguu juu.

Pamoja na hayo, iweke chrony, programu ya kutoa saa kwa mashine nyingine, kwenye seva ya domeni ili iwe ndiyo saa ya maabara nzima, na uiunganishe na Samba kwa mstari wa ntpsigndsocket, kwa sababu Windows iliyo ndani ya domeni inataka jibu la saa lililotiwa saini. Kwenye Ubuntu, jina la seva hiyo liandike kwenye mstari wa NTP wa faili /etc/systemd/timesyncd.conf. Na kwa kuwa umetaja betri za UPS, zipitie pia zile betri ndogo za CR2032 kwenye ubao. Mashine ya miaka minane ambayo umeme hukatika kila siku huwa imekwisha kuimaliza, na ikiwashwa asubuhi hudhani tuko mwaka ilipotengenezwa.

Ugonjwa wa pili ni jina. Mashine inapojiunga na domeni, nayo hupewa akaunti yake na nenosiri lake, kama mwanafunzi, na nenosiri hilo hulijua mfumo endeshi uliojiunga peke yake. Wewe umeiita mashine LAB07 upande wa Windows na LAB07 upande wa Ubuntu. Ubuntu ilipojiunga iliikuta akaunti LAB07 ipo, ikaibadilishia nenosiri, na Windows ikabaki imeshika ufunguo wa kitasa kilichokwisha kubadilishwa. Hata kama ungenakili ufunguo huo kwa ujanja, kila upande kwa kawaida huubadilisha wenyewe baada ya siku 30. Zifanye ziwe mashine mbili machoni pa domeni: LAB07W na LAB07U. Jina lisizidi herufi 15. Futa akaunti ya LAB07 kwenye domeni, badilisha majina pande zote mbili, kisha ziunge upya, na safari hii utaziunga mara moja tu.

FundiWaMaabara alijibu:

Mzee, shikamoo. Umeona mbali, UDP 123 ilikuwa imefungwa kweli, na Ubuntu zote zilikuwa mbele kwa saa tatu kamili. Nilichagua RealTimeIsUniversal. Mashine LAB07W na LAB07U sasa zinaishi kwa amani, na nimeshafanya nyingine 11. Betri za ubao zilizokufa zimefika 9.

Sasa limezuka la mafaili. Niliiunga na domeni ile seva ya mafaili, nikitumia winbind, sehemu ya Samba inayowatambua watumiaji wa domeni, kama mwongozo ulivyosema. Mwanafunzi akihifadhi kazi kutoka Windows inaonekana sawa. Akiingia Ubuntu, ambako folda hiyohiyo inafunguka kwa NFS, njia ya Linux ya kufungua mafaili yaliyo kwenye seva, anaambiwa hana ruhusa, na nikiandika ls -l naona mwenye faili ni namba ndefu badala ya jina.

DadaMafaili alijibu:

Kaka Fundi, nenosiri umeshaliunganisha, ila namba za watu bado. Windows humtambua mtumiaji kwa SID, ambayo ni mlolongo mrefu unaotolewa na domeni. Linux humtambua kwa UID, ambayo ni namba ya kawaida, na faili linapohifadhiwa kwenye diski hubandikwa namba hiyo na si jina. Kwa hiyo kila Linux iliyomo kwenye domeni lazima ipate namba kutoka kwa SID, na hapo ndipo programu zako mbili zimeachana njia: SSSD kwenye Ubuntu hukokotoa namba kwa hesabu yake, kuanzia 200000 kwenda juu, na winbind kwenye seva ya mafaili hukokotoa kwa hesabu nyingine. Mtu mmoja, namba mbili.

Andika id jina_la_mwanafunzi kwenye Ubuntu, kisha kwenye seva ya mafaili. Ukiona uid zinatofautiana, huna haja ya kutafuta kosa pengine.

Kwa bahati nzuri ulipoanzisha domeni uliweka --use-rfc2307, kwa hiyo namba zinaweza kuandikwa ndani ya saraka yenyewe na kila mmoja azisome badala ya kukokotoa. Mpe kila mtumiaji sifa ya uidNumber na kila kundi gidNumber, ukianzia 10000, ili zisigongane na akaunti za ndani, ambazo Ubuntu huzianza 1000 na Mac 501. Kwenye sssd.conf weka ldap_id_mapping = false, na kwenye smb.conf ya seva ya mafaili tumia idmap ya aina ya ad, inayosoma namba kwenye saraka, badala ya rid, inayokokotoa.

Nilipofanya kazi hii nilipoteza siku mbili mahali pawili ambapo wewe huna sababu ya kuzipoteza. Pa kwanza ni kundi la Domain Users: lisipopewa gidNumber, winbind huwaficha watumiaji wote, hata wale waliokwisha kupewa namba, na huoni kosa lolote, wanaonekana tu kama hawapo. Pa pili ni akiba ya SSSD. Ukibadilisha namna ya kupata namba, SSSD bado inakumbuka za zamani, kwa hiyo isimamishe, ufute yaliyomo kwenye /var/lib/sss/db, kisha uiwashe tena. Mafaili yaliyokwisha kuhifadhiwa yatabaki na namba za zamani mpaka uyapitie kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, nami nakushauri ufanye hivyo Jumamosi maabara ikiwa imefungwa.

Kwenye Mac, dsconfigad ina chaguo la -uid la kuiambia isome uidNumber. Usiposema hivyo, nayo itatunga namba yake, na utakuwa na ya tatu.

BiSeva alijibu:

Kwa kuwa Mac zimetajwa, niongeze hapo hapo. Mwanafunzi akibadilisha nenosiri akiwa Windows, Mac itamkubali kwa nenosiri jipya, lakini Keychain yake, lile sanduku la siri zake nyingine, bado limefungwa kwa nenosiri la zamani, na Mac itamuuliza. Mwambieni mapema kwamba ajibu kwa nenosiri la zamani au aruhusu sanduku jipya litengenezwe. Akibadilisha akiwa kwenye Mac yenyewe, hakuna tatizo. Apple walileta nyongeza ya Kerberos tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, inayofanya akaunti ya ndani ya Mac ifuate nenosiri la domeni, na kwa kompyuta mpakato za walimu ingefaa zaidi kuliko kuziunga na domeni. Ila inahitaji mfumo wa kusimamia vifaa kwa mbali, na kwa Mac mini nne zisizotoka chumbani sioni haja.

Kabla hujawafungulia wanafunzi, andika samba-tool domain passwordsettings show. Samba huja na nenosiri linaloisha muda baada ya siku 42, na halibadilishwi mara mbili ndani ya siku moja. Hilo la pili litakuletea foleni mlangoni: mwanafunzi analazimishwa kubadilisha nenosiri siku ya kwanza, mchana anaona halimfai, anataka kulibadilisha, anakataliwa kwa maneno asiyoyaelewa. Weka --min-pwd-age=0. Hilo la siku 42 nalo mimi huliondoa, kwa sababu nimeona watu wanaolazimishwa kubadilisha kila mara huongeza tu 1, 2, 3 mwishoni, na miongozo ya NIST ya Marekani siku hizi nayo haishauri nenosiri liishe muda bila sababu.

FundiWaMaabara alijibu:

Nimerudi kuwapa taarifa. Mashine zote 36 zimejiunga, kila moja kwa majina yake mawili. Chown ya Jumamosi ilichukua saa mbili na nusu. Kwenye Ubuntu kuna vitu viwili ambavyo havikutajwa hapa na vilinisumbua, naviandika kwa atakayefuata: folda ya nyumbani haitengenezwi mpaka uendeshe pam-auth-update --enable mkhomedir, na kwenye ukurasa wa kuingia majina ya domeni hayaonekani, kwa hiyo mwanafunzi lazima abofye maandishi madogo ya kwamba jina lake halimo kwenye orodha kisha aliandike mwenyewe. Nimebandika karatasi yenye picha kwenye kila meza.

Jana seva ya domeni ilizima kwa dakika 40 na wanafunzi waliokwisha kuingia Ubuntu siku za nyuma waliendelea kuingia, ila wengi wa Windows walikwama. Ni kawaida?

MzeeWaTerminali alijibu:

Ni kawaida. SSSD ikiwa na cache_credentials = True humkumbuka kila aliyewahi kuingia kwenye mashine ile, wakati Windows kwa kawaida huwakumbuka watu 10 wa mwisho tu, na kwenye maabara ya watu 400 hao 10 hupita ndani ya siku mbili. Tafuta kompyuta nyingine ya zamani uifanye seva ya pili ya domeni kwa samba-tool domain join ukitaja DC, yaani seva ya domeni, uiweke chumba kingine kwenye UPS nyingine, na DNS ya mashine zote iwe na anwani za seva zote mbili. Akaunti na manenosiri zitasafiri baina ya seva hizo zenyewe. Folda ya SysVol haisafiri kwenye Samba, kwa hiyo kama umeweka sera zozote za Windows, hiyo utainakili kwa rsync kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

FundiWaMaabara alijibu:

Asante, Mzee. Kompyuta ya pili nimeipata stoo, inasubiri RAM. Ile skripti ya usiku ya shadow nimeizima leo saa kumi jioni, na faili lake nimelihamishia kwenye folda ya kumbukumbu kwa sababu bado naogopa kulifuta.